Bei ya Fumbo Lililokwisha Fumbuliwa

Kadi ya gemu ya Nintendo DS ni ndogo kuliko kiberiti. Mtu akiisahau kwenye mfuko wa shati, itaishia katika beseni la kufulia na hakuna atakayeiona mpaka nguo zianikwe. Lakini kadi moja ya namna hiyo, ikiwa na boksi lake la plastiki na kijitabu chake cha maelekezo, huuzwa siku hizi kwa zaidi ya dola 100 za Marekani katika minada ya mtandaoni, na nakala iliyotunzwa vizuri huenda juu zaidi ya hapo. Inaitwa Last Window: The Secret of Cape West. Ilipoingia madukani Ulaya, Septemba 2010, iliuzwa kama gemu nyingine yoyote ya DS, kwa yuro 30 hadi 40.

Ni gemu ya upelelezi. Mchezaji anazunguka ndani ya jengo la kupanga jijini Los Angeles, mwaka 1980. Anabisha hodi, anawahoji wapangaji, anapekua droo, anaunganisha maneno ya huyu na ya yule, na mwisho anajua nani alifanya nini na kwa sababu gani. Basi. Kwa hesabu ya kawaida ya sokoni, bidhaa kama hii ndiyo ingepaswa kushuka bei kuliko zote, kwa sababu siri ikishafichuka haifichiki tena. Gemu ya mpira mtu huicheza miaka kumi bila kuichoka, maana kila mechi ni mpya. Mkosaji wa hadithi ya upelelezi ni yule yule leo na kesho.

Kwa nini basi bei inapanda? Wakusanyaji hujibu haraka kwamba gemu hii ni adimu na ni nzuri. Yote mawili ni kweli, ila hayatoshi. Zipo gemu nzuri mno zinazouzwa kwa bei ya soda, na zipo gemu adimu ambazo hata ukizigawa bure hupati wa kuzipokea. Last Window imepandishwa na jambo la tatu, ambalo linastahili kusemwa waziwazi: wenye uwezo wa kuiuza waliacha kuiuza. Bei ile kubwa ni faini wanayotozwa wachezaji kwa uamuzi ambao hawakuufanya.

Historia yake inasikitisha. Waliotengeneza gemu hii walikuwa kampuni ndogo iliyoitwa Cing, yenye makao yake Fukuoka, kusini-magharibi mwa Japani, iliyoanzishwa mwaka 1999. Mwandishi wake mkuu wa hadithi, Rika Suzuki, alikuwa akitunga visa vya upelelezi vya kompyuta tangu miaka ya 1980, enzi za kampuni ya Riverhill Soft. Mwaka 2005 Cing ilitoa Another Code, kisa cha msichana anayemtafuta baba yake kisiwani. Miaka miwili baadaye, Januari 2007, ikatoka Hotel Dusk: Room 215, na hapo ndipo jina la Cing likaanza kutajwa kwa heshima na watu ambao kwa kawaida hawashiki gemu kabisa.

Kisa cha Hotel Dusk kinapita usiku mmoja tu, wa tarehe 28 Desemba 1979, katika hoteli iliyochakaa jimbo la Nevada. Kyle Hyde, askari mpelelezi wa zamani wa New York ambaye sasa anazunguka na begi akiuza bidhaa ndogondogo, anafika akiwa amechoka, anapewa ufunguo wa chumba namba 215, na anaanza kugundua kwamba kila mgeni pale ana jambo analolificha. Mashine ya DS inashikwa kwa upande, kama mtu anayesoma kitabu, kioo kimoja kushoto na kingine kulia. Watu wamechorwa kwa mistari ya penseli inayocheza na kutetemeka, kana kwamba mchoraji bado hajainua mkono. Hakuna bunduki ya kufyatua wala gari la kukimbiza. Ukimuuliza mtu swali la kijinga anakukasirikia, na ukizidi unafukuzwa hotelini na kisa kinakatikia hapo.

Ndani ya gemu hiyo mna daftari. Mchezaji huandika humo kwa kalamu ya mashine, kwa mkono wake mwenyewe, juu ya kioo: namba ya simu, jina la mtu, mchoro wa ufunguo. Kadi za DS hutunza kumbukumbu bila kutegemea betri inayokufa baada ya miaka, kama ilivyokuwa kwa kaseti nyingi za zamani. Kwa hiyo mtu anayenunua Hotel Dusk ya mitumba leo anaweza kuiwasha akakuta mwandiko wa mtu asiyemjua, wa miaka kumi na mitano iliyopita, ukiwa umesimama pale pale alipoachia kisa. Wauzaji wengi huona hilo ni dosari na hulifuta kabla ya kuuza. Ni hasara, maana hakuna sehemu ya kadi hiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba ilipendwa.

Last Window ndiyo mwendelezo. Hyde amefukuzwa kazi, na jengo analokaa, Cape West, linakaribia kuvunjwa. Safari hii kisa kinagusa kifo cha baba yake mwenyewe. Kila sura ikimalizika, riwaya iliyomo ndani ya gemu inaongezewa sura mpya inayosimulia yaliyotokea, kwa hiyo mchezaji anaufunga mchezo akiwa na kitabu kizima mkononi. Gemu ilitoka Japani Januari 2010. Machi mwaka huo huo Cing ikatangaza kufilisika. Toleo la Kiingereza na la lugha nyingine za Ulaya lilipofika madukani mwezi Septemba, kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imekwisha kufa kwa miezi sita. Marekani na Canada, ambako Hotel Dusk ilikuwa imepata wasomaji wake wengi wa Kiingereza, hawakuletewa kabisa.

Hapo ndipo soko la mitumba lilipoanza kufanya kazi yake. Mashine ya DS haibagui nchi: kadi ya DS iliyonunuliwa Berlin inawaka vilevile Chicago. Mmarekani aliyemaliza Hotel Dusk na kutaka kujua Hyde aliishia wapi hakuwa na njia nyingine ila kuagiza nakala kutoka Uingereza, Ujerumani au Ufaransa. Vijiji viwili vikawa vinachota kwenye kisima kimoja, na kisima chenyewe kilichimbwa kwa ajili ya kijiji kimoja, tena bila haraka, na mchimbaji ambaye tayari alikuwa kaburini.

Gemu ya upelelezi ina tabia yake ya pekee katika biashara hii, na wakusanyaji wachache huifikiria. Mwanzoni inazunguka kwa kasi kuliko gemu nyingine. Mtu akishafumbua fumbo hana sababu kubwa ya kubaki nayo, kwa hiyo anaipeleka kwenye duka la mitumba, mathalani yale maduka ya CeX yaliyotapakaa Uingereza, anapata pauni chache na kununua nyingine. Katika miaka ile ya mwanzo nakala zilikuwa nyingi rafuni na bei ilikuwa ya chini. Kisha mambo yakageuka. Kadi zikaachana na maboksi yake. Nyingine zikapotea wakati wa kuhama nyumba, nyingine zikatupwa na wazazi waliokuwa wakisafisha vyumba vya watoto waliokwisha kwenda chuo. Zilizosalia zikaangukia mikononi mwa watu wanaojua wana nini, nao hawauzi. Kilichokuwa kikipita mkono hadi mkono kikatulia kabatini. Tangu hapo kila nakala inayotoka sokoni huondoka na mnunuzi asiyekusudia kuirudisha.

Mtu atasema: hiyo ndiyo hatima ya kila gemu ambayo kampuni yake imekufa. Hapana. Mfano wa kulipinga dai hilo uko wazi, na kwa bahati nzuri nao umewekwa Los Angeles.

Mei 2011, miezi minane baada ya Last Window kufika Ulaya, kampuni ya Rockstar ilitoa L.A. Noire, kisa cha mpelelezi Cole Phelps katika Los Angeles ya mwaka 1947. Waliotengeneza walikuwa Team Bondi wa Sydney, Australia. Nyuso za waigizaji zilinakiliwa kwa kamera nyingi ili mchezaji asome uso wa shahidi na kuamua kama anasema kweli. Kabla mwaka huo haujaisha, Team Bondi nao walikuwa wamefilisika, kama Cing. Tofauti iko kwa mchapishaji. Rockstar hawakuiacha gemu ife na watengenezaji wake. Mwaka 2017 waliitoa upya kwa PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch, na mpaka leo mtu yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kuinunua. Ndiyo maana diski ya L.A. Noire ya PlayStation 3, kamili na boksi lake, hupatikana kwa dola chache, na kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuikuta kwenye rundo la diski za mitumba chini ya magemu ya mpira. Kampuni mbili za gemu za upelelezi zilikufa karibu wakati mmoja. Gemu ya moja inapatikana kirahisi. Ya pili imegeuzwa kito.

Wala umaarufu peke yake haupandishi bei. Gemu iliyozaa jamii hii yote ya upelelezi huko Japani ni The Portopia Serial Murder Case ya Yuji Horii, iliyotoka mwaka 1983 kwa kompyuta na 1985 kwa mashine ya Famicom, kabla Horii hajajulikana duniani kwa Dragon Quest. Kaseti yake ya Famicom iliuzwa kwa mamia ya maelfu. Jina la mwenye hatia limekuwa msemo Japani, linalotajwa hata na watu ambao hawajawahi kuigusa gemu yenyewe. Ni kitu cha makumbusho kwa maana kamili ya neno, na bado kaseti yake isiyo na boksi hupatikana katika maduka ya mitumba ya Japani kwa bei nafuu, kwa sababu ziko nyingi. Historia kubwa, bei ndogo. Anayedhani bei ya mnada ni kipimo cha ubora aanze kutafakari hapo.

Hideo Kojima, aliyekuja kuwa mmoja wa watengenezaji wa gemu wanaojulikana zaidi duniani, ameitaja Portopia miongoni mwa kazi zilizomvuta kuingia kwenye fani hii. Gemu yake ya upelelezi, Snatcher, ndiyo inayofuata katika hoja hii, na bei yake ni ya kutisha kuliko ya Last Window.

Snatcher ilitoka Japani mwaka 1988 kwa kompyuta za PC-8801 na MSX2, ikiwa haijakamilika. Muda ulikuwa umewaishia na sura ya mwisho ikaachwa. Ilikamilishwa mwaka 1992 kwa mashine ya PC Engine. Mpelelezi wake, Gillian Seed, amepoteza kumbukumbu, na anawasaka viumbe wa mashine wanaoua watu na kuvaa sura zao katika jiji la Neo Kobe. Kampuni ya Konami iliitafsiri kwa Kiingereza mara moja tu, mwaka 1994, kwa ajili ya Sega CD, mashine iliyokuwa inaelekea mwisho wa maisha yake, mwaka ule ule PlayStation ilipozinduliwa Japani. Waliokuwa na Sega CD walikuwa wachache, na kati yao waliotaka kusoma hadithi ndefu ya upelelezi kwenye televisheni walikuwa wachache zaidi. Mtafsiri wake, Jeremy Blaustein, amewahi kusimulia kwamba nakala zilizouzwa Amerika Kaskazini zilikuwa elfu chache tu.

Leo diski hiyo huuzwa kwa mamia ya dola. Si ajabu kwa kitu kilichochapwa kidogo namna ile. La kuumiza ni lililotokea mwaka 2020, Konami walipoiweka Snatcher ndani ya mashine ndogo ya kumbukumbu ya PC Engine, iliyouzwa pia Marekani na Ulaya. Waliiweka kwa Kijapani peke yake. Tafsiri ya Kiingereza ipo, ilifanywa, ililipiwa, imependwa kwa miaka karibu thelathini. Lakini wasomaji wa Kiingereza waliofungua boksi lile walikuta kisa cha maneno maelfu ambacho hawawezi kukisoma. Kampuni iliyokuwa na ufunguo mkononi ilipita mlangoni bila kuufungua, na siku iliyofuata diski ya 1994 ilikuwa na thamani ile ile.

Wanaozitetea kampuni wana hoja moja nzito, na inastahili kujibiwa kwa haki. Husema gemu za DS haziwezi kuhamishwa kirahisi, kwa sababu zilijengwa juu ya umbo la mashine yenyewe. Ni kweli. Katika Hotel Dusk kuna fumbo ambalo mchezaji hulifumbua kwa kufunga mashine na kuifungua tena, kama anayegeuza kitu mezani. Simu ya kioo kimoja haifungiki namna hiyo, wala televisheni ya sebuleni.

Lakini Nintendo wenyewe wameijibu hoja hiyo. Another Code ilikuwa na mafumbo ya aina hiyo hiyo, likiwamo moja lililohitaji vioo viwili vikaribiane kama muhuri na karatasi. Januari 2024 gemu hiyo na mwendelezo wake zilirudi kwa Nintendo Switch kwa jina la Another Code: Recollection. Nyumba, sauti na michoro vikafanywa upya, na mafumbo yaliyotegemea umbo la DS yakabadilishwa. Rika Suzuki alishiriki. Kilichowezekana kwa dada mkubwa kinawezekana kwa wadogo zake, maana boksi la Hotel Dusk na la Last Window yote yana jina la mchapishaji yule yule. Iliyokosekana ni nia.

Hata pale ambapo vifaa vya kutengenezea vimepotea kabisa, njia huonekana. Gemu ya upelelezi ya Blade Runner iliyotolewa na Westwood mwaka 1997, kwenye diski nne, ilikuwa na ubunifu ambao wengi bado hawajaufikia: kila mchezo ukianza upya, mashine hupiga kura nani miongoni mwa washukiwa ni mtu na nani ni kiumbe wa bandia, kwa hiyo fumbo halifanani mara mbili. Programu asilia ya gemu hiyo ilipotea. Kwa miaka mingi njia pekee ya kuipata ilikuwa diski za mitumba ambazo hata kompyuta mpya zilikataa kuziendesha. Watu wa kujitolea wa mradi wa ScummVM wakakaa miaka wakiijenga upya injini yake kwa kuichunguza kipande kwa kipande, na Desemba 2019 duka la GOG likaanza kuiuza kihalali kwa bei ya chakula cha mchana. Mwaka 2022 likaja toleo jingine lililodaiwa kuboreshwa. Lilikuwa baya kuliko la kwanza, wachezaji wakalalamika, na toleo la zamani likarudishwa. Funzo hilo nalo ni muhimu kwa kampuni: mara nyingi wateja hawaombi gemu ipakwe rangi mpya, wanaomba tu iuzwe.

Kuna wanaofurahia bei kupanda, nao ni walanguzi. Biashara yao ilipata nguvu wakati wa janga la korona, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani na fedha zikitafuta pa kwenda. Julai 2021 nakala ya Super Mario 64 ambayo haijawahi kufunguliwa, iliyofungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki na kupewa alama na kampuni ya ukaguzi, iliuzwa kwa dola milioni 1.56 kwenye mnada wa Heritage huko Marekani. Ni gemu iliyouzwa kwa mamilioni duniani, na yeyote anaweza kuicheza. Fedha ile ililipwa kwa ajili ya karatasi ya nailoni ambayo haijachanwa.

Tangu siku ile wapo wanaonunua gemu za upelelezi kwa nia hiyo hiyo, zikiwa zimefungwa, na kuziweka katika makasha ambayo kuyafungua ni kuharibu thamani. Mtu ana haki ya kufanya atakavyo na mali yake. Lakini hadithi ya upelelezi iliyofungiwa ili isisomwe kamwe ni kitu kilichonyimwa kazi yake. Mtunzi alipanga kila kidokezo kimngoje mtu. Nakala kama hiyo ikiwa miongoni mwa chache zilizobaki duniani, kila kasha linalofungwa ni msomaji mmoja aliyefungiwa nje.

Bei ikipanda, wadanganyifu nao hufika. Kadi bandia za DS zimejaa mtandaoni, na mnunuzi wa Last Window au Hotel Dusk anapaswa kuwa macho. Kadi halisi huwa na namba inayoanza na herufi NTR na kuishia na alama ya eneo, kama EUR au USA, iliyochapwa kwa herufi kali zisizofifia. Nyuma yake nako huwa na namba. Muuzaji asiyekubali kupiga picha ya nyuma ya kadi ana sababu yake. Na bei ikiwa nusu ya bei za wengine, aghalabu kadi nayo ni nusu ya ukweli. Kadi tupu isiyo na boksi huwa nafuu sana kuliko seti kamili, na kwa mtu anayetaka kisa chenyewe hiyo inatosha kabisa. Msomaji aliye Ulaya, au mwenye ndugu huko, anaweza kujaribu maduka ya hisani na masoko ya Jumamosi kabla ya kwenda mnadani. Bado wapo wauzaji wanaoweka bei moja kwa kadi zote, kwa sababu kwao zote ni vichezeo vya watoto.

Ila bahati ya mnunuzi mmoja haitibu ugonjwa, na ugonjwa ni mpana kuliko gemu mbili tatu. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa njia yoyote ya kibiashara. Hazijachapwa upya, hazipakuliki, hazikodishwi. Mwaka huo huo, tarehe 27 Machi, Nintendo walifunga maduka ya mtandaoni ya Wii U na 3DS, na gemu nyingi zilizokuwa zikipatikana humo pekee zikatoweka sokoni siku moja. Maktaba na watafiti waliomba ruhusa ya kisheria ya kuwafungulia wanazuoni gemu za zamani kwa mbali, kama wanavyofanya kwa vitabu na filamu. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa. Wenye kampuni walikuwa wamepinga, wakihofia watu wangecheza kwa starehe.

Hofu hiyo ni ngumu kuelewa. Maktaba zimekuwa zikiazima riwaya za upelelezi kwa watu wanaozisoma kwa starehe tangu riwaya hizo zianze kuandikwa, na wachapishaji hawakufa njaa. Na katika gemu ambayo mwenye hakimiliki haiuzi popote, hakuna hata senti moja anayopoteza mtu mwingine akiicheza. Anayepata fedha kwa sasa ni muuzaji wa mitumba peke yake. Mchapishaji hapati kitu, wala warithi wa Cing hawapati kitu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Fukuoka kulielewa hili. Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, aliwapa wasomaji wa pwani na bara mpelelezi wao wenyewe, mwenye kiko chake na subira yake. Kitabu hicho kilichapwa tena na tena, kikasomwa shuleni, na ndiyo maana babu na mjukuu wanaweza kubishana kuhusu kisa kimoja. Riwaya nyingine za upelelezi za miaka ya 1970 hazikuwa na bahati hiyo. Zilichapwa mara moja, zikaisha, na sasa anayezitaka huinama kwenye mafungu ya vitabu vya mitumba pembeni mwa barabara akiomba Mungu kurasa za mwisho ziwe hazijanyofoka. Wote, wa kitabu na wa kadi, wanaumwa ugonjwa mmoja, na dawa ni moja: mwenye haki ya kuchapa achape.

Nintendo wana kisa cha Kyle Hyde, wana mfano wa Another Code mkononi, na wana wanunuzi ambao kwa miaka zaidi ya kumi wamekuwa wakithibitisha kwa fedha zao kwamba wangali wanakitaka. Konami wana Snatcher kwa Kiingereza tangu 1994. Watoe gemu hizo, hata bila kuzipamba, kwa bei ya kawaida, Marekani na Canada zikiwamo safari hii. Bei ya mnada ikianguka siku hiyo, wakusanyaji wa kweli hawatalia, kwa maana boksi lao la 2010 litabaki kuwa boksi la 2010.

Na mpaka siku hiyo, mwenye Last Window ambaye ameshaimaliza asiifungie kabatini ikingoja bei ipande. Amwazime rafiki mmoja aicheze hadi mwisho, kisha ndipo aamue kama anataka kuiuza.